Uchambuzi wa kisa: Kishindo cha nyuma kwenye Harrier ya haibridi

Gari na mwenyewe

Gari ni Harrier ya haibridi (inayosukumwa na injini ya petroli pamoja na mota za umeme) ya mwaka 2006, yenye injini ya V6 ya lita 3.3 na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Iliingia Unguja ikiwa imeshatumika Japani, kama nyingi tunazoziona barabarani. Mwenyewe ni mama mstaafu anayeishi Wilaya ya Magharibi B. Siku za kazi hufanya safari fupi fupi za mjini, na mwisho wa wiki huenda shamba, pwani ya mashariki, ambako gari hulala karibu kabisa na ufukwe. Jina lake, mtaa wake na gereji iliyotutangulia nimeviacha makusudi, kwa kuwa havibadilishi chochote kwenye somo.

Kuna mambo mawili ya maisha ya gari hii ambayo yatakuwa na uzito mbele. La kwanza ni chumvi. La pili ni dawa ya hiyo chumvi: kila ikioshwa, vijana wa kuosha magari waliipulizia chini nzima oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Mama alilipa ziada kwa kazi hiyo na akiihesabu kuwa ni matunzo.

Malalamiko na yaliyofanywa kabla

"Inanigonga mgongoni, mwanangu," ndivyo alivyotueleza. Kishindo kimoja kizito, kama mtu ameangusha gunia la mchele ndani ya buti, halafu kimya. Alikisikia anapoondoka baada ya kusimama, alikisikia tena gari inapomalizikia kusimama, na asubuhi kadhaa alikisikia anapotoka kinyumenyume getini kwake, ambako pana mwinuko.

Gereji ya kwanza ilisikia neno "nyuma" ikaanza na shokapu za nyuma. Kishindo kikabaki. Zikafuata linki za stabilaiza, kikabaki. Baadaye ikabadilishwa mauntini moja ya injini (kishikizo chenye mpira kinachoifunga kwenye gari), kwa hoja kwamba injini ya haibridi huwaka na kujizima yenyewe njiani, basi ndiyo inayopiga. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani injini yenye mauntini iliyochoka hutikisa gari nzima inapoamka. Lakini kishindo kilibaki palepale, na juu yake gari ikapata mtikisiko mpya ambao haikuwa nao.

Ikachomekwa mashine ya kupimia. Haikutoa msimbo wa hitilafu hata mmoja, na tafsiri iliyotolewa ikawa kwamba umeme ni mzima, kwa hiyo tatizo ni giaboksi. Fundi mwengine akashauri iangaliwe propela shafti, ule mhimili wa chuma unaopeleka nguvu kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma, na beringi yake ya katikati. Alipoingia chini hakukuta propela. Hapo mpwa wake mama alikwishaanza kupiga simu Kariakoo kuulizia giaboksi iliyotumika. Gari ililetwa kwetu ili na sisi tutie neno kabla pesa haijatoka.

Nani anasukuma nini

Bila ya kuielewa sehemu hii, vipimo vinavyofuata vitaonekana kama ramli.

Mbele ya gari hii kuna injini na mota mbili za umeme zilizofungwa ndani ya nyumba moja, yaani ganda moja la chuma. Mota ndogo huwasha injini na kuzalisha umeme. Kubwa, ya kilowati 123, husukuma magurudumu ya mbele. Nyuma iko mota ya tatu, ya kilowati 50, na gia zake chache, imening'inizwa kwenye fremu ndogo ya nyuma kwa mauntini za mpira. Kati ya mbele na nyuma hapana chuma kinachozunguka. Kinachokwenda nyuma ni waya wa umeme wa rangi ya machungwa. Betri kubwa ni ya volti 288, na inveta, kifaa cha kubadili umeme wa betri uwe wa kuendesha mota, huupandisha umeme huo hadi volti 650 kabla ya kuzifikia mota.

Fundi aliyetafuta propela hakuwa mjinga. Mwaka huohuo wa 2006 zilitengenezwa Harrier za petroli za magurudumu manne ambazo zina propela na difu ya kawaida (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), na kwa nje mtu anaweza kuzichanganya.

Sasa tofauti inayotuhusu. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida ina klachi ndani zinazobana na kuachia. Ukitoa gia P (ya kuegesha) ukatia D (ya kwenda mbele) au R (ya kurudi nyuma) na ukasikia pigo, una sababu ya kuitazama giaboksi. Ndani ya haibridi hii klachi hizo hazimo. Hata gia ya nyuma haimo: gari hurudi kinyumenyume kwa mota za umeme kuzungushwa upande wa pili. Kwa hiyo kishindo cha getini, kilichotokea asubuhi gari ikirudi nyuma, kilikuwa tayari kimepunguza washukiwa. Injini haikuwa inasukuma.

Na la mwisho: ukiachia mafuta au ukikanyaga breki, mota zilezile zilizokuwa zikisukuma hugeuka jenereta na kuanza kuzuia, ili kurudisha umeme kwenye betri. Maana yake kila ukiondoka nyumba ya mota ya nyuma hupinda upande mmoja, na kila ukipunguza mwendo hupinda upande wa pili. Ndani ya mji hilo hutokea kutwa nzima. Mwishoni kabisa, gari ikikaribia kusimama, kazi ya kuzuia inakabidhiwa breki za kawaida na mota inarudi kusukuma kidogo ili gari ijivute. Nguvu inageuka upande mara nyingine tena, na huo ndio wakati mama aliosema anasikia kishindo cha pili.

Vipimo

Tulianza kwa kumwachia mama aendeshe mwenyewe, fundi akiwa kiti cha nyuma. Hili nalisisitiza kwa vijana: mwenye gari hukanyaga anavyokanyaga kila siku, na fundi akishika usukani hukanyaga kifundi, kishindo kikakimbia. Tulitoka Mwanakwerekwe kuelekea Tunguu, na kwenye kipande kitupu tukafanya jaribio ambalo ningependa kila gereji ilijue.

Ilikuwa kama hivi. Gari ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, barabara imenyooka na hakuna mtu nyuma, dereva anatia frii (gia N) na kuiacha itambae, kisha anasimama kwa breki. Kwenye frii gari hii hairudishi umeme. Mota haziisukumi wala haziizuii, na breki zinazofanya kazi ni pedi na diski tu. Jaribio linarudiwa hapohapo kwa D. Kwenye frii ilisimama kimya. Kwenye D, du! Tukapita tuta moja kwa frii, nalo tulilipita kimya. Kama shokapu, linki, bushi za mikono au kalipa za breki ndizo zilizokuwa zikigonga, frii isingezinyamazisha. (Frii ni kwa jaribio hili fupi tu, na mtu asithubutu kugusa P wala R gari ikitembea.)

Kwa hiyo kishindo kilikuwa cha nguvu inayogeuka upande, wala hakikuwa cha barabara. Kilichobaki ni kujua ni mota ya mbele au ya nyuma.

Kioo cha dashibodi cha gari hii kina picha ya mtiririko wa umeme: injini, betri, magurudumu, na mishale inayokwenda na kurudi. Maandishi yote ni ya Kijapani, na mama alikuwa hajawahi kukitumia tangu ainunue. Mishale lakini haina lugha. Kijana wetu alikaa kiti cha mbele akikirekodi kioo kwa simu, sauti ikiwemo. Tulipoitazama baadaye, kila kishindo kilikuwa jirani na kugeuka kwa mshale wa magurudumu ya nyuma: ulikuwa unakwenda, ukaanza kurudi, au kinyume chake. Mwendo ulipotulia na mshale wa nyuma ukatoweka, mama aliachia na kukanyaga mafuta kidogo kidogo, na kukawa kimya. Picha hiyo huchelewa kidogo nyuma ya mota yenyewe, ndiyo maana sikuihesabu kuwa ushahidi kamili. Ilitosha kutuambia tuanze kutazama wapi.

Chini ya gari, kwa macho, kila kitu kilionekana salama. Mauntini za mota ya nyuma zilikuwa nyeusi, zina mafuta, hazina ufa wa wazi. Tukachora mstari mwembamba kwa wino mweupe wa kufutia makosa, kutoka kwenye chuma cha katikati cha kila mauntini, ukapita juu ya mpira, hadi kwenye chuma cha nje. Tukauacha ukauke. Gari ikapelekwa mzunguko mfupi wa kuondoka na kusimama, ikarudishwa shimoni na kuzimwa.

Kwenye mauntini nyingine mstari ulikuwa mzima. Kwenye mauntini moja ulikuwa umekatika vipande viwili, na kati ya kipande na kipande palikuwa na nafasi ya kuingia kidole. Tukaingiza mtaimbo na kunyanyua taratibu: kikombe cha chuma kikabaki, mpira ukatoka wote kama jino lililolegea. Haukupasuka katikati. Ulibanduka kwenye chuma, na nyuma yake kulikuwa na tabaka la kutu jekundu, na upande wa juu mpira umevimba na kulainika hadi kucha inaacha alama.

Tulimwaga pia oili ya gia za nyuma juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa nyeusi na imechoka, lakini haina vumbi la chuma wala vipande. Ekseli zilishikwa na kuzungushwa kwa mkono. Hazikuwa na mchezo wa kutisha.

Jambo moja hatukulifanya, ingawa nimeliona likifanywa kwengine: kumweka mtu shimoni atazame huku mwengine akikanyaga mafuta. Haibridi iliyo tayari kuondoka haitoi sauti yoyote, na kupandisha magurudumu ya nyuma peke yake kwa jeki hakuizuii mota ya nyuma kuzunguka.

Uamuzi

Mpwa alikuwa na haraka. Idd ilikuwa inakaribia na gari ilihitajika. "Fundi, si uchonge mpira wa tairi uweke, tusogee?" Swali lake lilikuwa la haki, bushi za kuchonga zimeokoa gari nyingi hapa kwetu. Kwenye mkono wa shokapu pengine ningekubali.

Hapa nilikataa kwa sababu ya waya. Mota iliyolegea hairuki peke yake, huruka na waya wa volti 650 uliofungwa juu yake, na waya huo haukuachiwa nafasi kubwa ya kucheza. Tulipoutazama, ganda lake la nje lilikuwa limesuguliwa kwenye kibanio kimoja mpaka likang'aa. Cha ndani kilikuwa kizima, tulikipima. Kwa hali hiyo tulimshauri mama gari isitembee kabisa hadi spea ifike, naye hakufurahi, lakini alikubali baada ya kuoneshwa pale palipong'aa.

Lililofuata lilikuwa spea mpya au iliyotumika. Iliyotumika ingefika haraka kwa boti kutoka Dar es Salaam. Lakini mpira uliotolewa kwenye gari ya umri uleule una umri uleule, na hakuna anayeujua ulikotoka. Tukaagiza mauntini mpya pamoja na bolti zake, na tuliagiza kwa namba ya chesisi. Ukitaja "Harrier ya 2006 ya magurudumu manne" tu, uwezekano wa kuletewa vya difu ya petroli ni mkubwa.

Kazi yenyewe

Kabla ya spana yoyote kugusa nyuma, swichi ilizimwa na ufunguo ukawekwa mbali na gari, waya hasi wa betri ndogo ukafunguliwa, na plagi ya kukatia umeme wa betri kubwa ikatolewa kwa glavu za umeme zinazostahimili volti 1000. Aliyeitoa aliitia mfukoni mwake, akabaki nayo hadi mwisho. Tukasubiri dakika 10 ili kapasita za inveta, ambazo huhifadhi umeme, ziishiwe, kisha tukapima kwanza kuhakikisha hakuna umeme. Haya yanachosha na yanachelewesha, na hakuna hata moja la kurukwa.

Bolti ndizo zilizotula muda. Moja ilikatika kichwa, imeshikana na fremu kwa kutu. Njia ya mkato ingekuwa kuipasha moto kwa gesi, lakini waya wa machungwa ulipita karibu mno na pale. Tuliitoboa kwa drili, kidogo kidogo, kuanzia kipenyo kidogo hadi kikubwa, tukasafisha uzi wa tundu upya. Mauntini zote za mota ya nyuma zilibadilishwa, hata zile ambazo mstari wake haukukatika, kwa kuwa zilikuwa zimeoga oili ileile. Kibanio cha waya kikawekwa kipya, na oili ya gia za nyuma ikajazwa ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Matokeo

Kishindo cha kuondoka, cha kusimama na cha getini viliondoka vyote. Jaribio la frii na D lilirudiwa barabara ileile, na safari hii majibu yalifanana.

Mtikisiko ule wa injini inapoamka ulibaki. Ni mauntini ya mbele iliyowekwa na gereji ya kwanza: ya bei nafuu, mpira wake mgumu, hauimezi injini inavyostahili. Tulimweleza mama na gharama yake. Akasema ataishi nao kwanza, kwani mfuko umekwishatoboka. Pesa ya shokapu na linki haikurudi, ingawa shokapu mpya kwenye gari ya umri huo si hasara tupu.

Uchambuzi

Kilichoipoteza gereji ya kwanza ni swali lenyewe. Waliuliza "inagonga wapi?" Mwili wa gari ni chuma kimoja, kishindo cha nyuma husikika mgongoni, cha mbele husikika miguuni, na vyote viwili hudanganya. Swali lililozaa matunda lilikuwa "inagonga wakati gani?", na kwa haibridi hilo lina maana ya pekee, kwa sababu wakati hukuambia ni mota ipi imegeuza nguvu. Jibu la mama la siku ya kwanza lilikuwa na kila kitu ndani yake: kuondoka, kumalizikia kusimama, kurudi nyuma. Hakuna aliyeliandika.

Mashine ya kupimia nayo ilibebeshwa maneno ambayo haikuyasema. Kompyuta ya gari husoma sensa. Hakuna sensa inayosoma mpira wa mauntini, basi kutokuwepo kwa msimbo hakuiponyeshi sehemu ya chuma na mpira, wala hakuitii hatiani giaboksi.

Giaboksi ya Kariakoo inastahili neno. Kama wangenunua ya mbele, pesa yote ingekwenda na kishindo kingebaki. Lakini chukulia wangenunua nyumba ya mota ya nyuma, ikaja na mauntini zake. Kishindo kingepungua au kuondoka, na mtaa mzima ungejua kwamba mota za nyuma za haibridi zinakufa. Matengenezo ya namna hiyo ni mabaya kuliko yaliyoshindwa, kwa sababu yanaacha elimu ya uongo ambayo itamfilisi mwenye gari wa pili.

Juu ya oili chafu nina maneno makali zaidi, kwani jambo hili naliona kila wiki. Kutu ni adui wa kweli kwa gari inayolala pwani, na oili kweli huzuia kutu kwenye chuma. Tatizo ni kwamba chini ya gari hapana chuma peke yake. Mpira wa asili ukikaa na oili ya madini na dizeli huinyonya, ukavimba, ukalainika, ukaachia chuma ulichogandishwa nacho. Nafasi ikishafunguka, maji ya chumvi huingia nyuma ya mpira, mahali ambapo oili haifiki, na kutu hufanya kazi kwa utulivu. Kwenye gari ya kawaida mauntini ya namna hii ingedumu kidogo zaidi. Kwenye hii, inayovutwa huku na huku na mota ambayo hutoa nguvu yake tangu gurudumu halijazunguka, haikuwa na nafasi.

Mama ameacha oili. Sasa gari huoshwa chini kwa maji baridi ya bomba kila inaporudi kutoka shamba, na chuma kilichochunwa rangi kimepakwa rangi ya kuzuia kutu kwa brashi, mipira ikizibwa kwa gazeti wakati wa kupaka. Mauntini ya injini ya mbele bado ni ileile ngumu, na ikiamka mjini utaiona stelingi inatetemeka kidogo.